Kibeji cha Koleo

Picha ya kwanza kabisa kupigwa na mashine mpya ilikuwa ya ndoo ya maji. Ndivyo mafundi wanavyoijaribu eksirei kabla hakijalazwa kiumbe chochote mezani: ndoo ya plastiki, maji nusu, mlango umekomewa, na watu wote wako nyuma ya ukuta mnene wenye kioo cha madini ya risasi yasiyopitisha mionzi. Fundi alibonyeza kitufe. Mashine ikanguruma, ikalia mara moja, na baada ya sekunde chache picha ikajitokeza kwenye kompyuta. Ndoo ilionekana vizuri. Ukingoni mwake, upande wa kushoto, kulikuwa na ncha za vidole vinne.

"Nani ameingia humo?" fundi akafoka.

"Hakuna aliyeingia," alisema Daktari, mwenye kliniki hiyo ya wanyama. Walikuwa wawili tu, bega kwa bega, na komeo lilikuwa mahali pake.

"Mama, kazi hii naifanya mwaka wa kumi na nne sasa. Maji hayaoti vidole."

Fundi alichungulia kupitia kioo, akafungua, akatazama chini ya meza, kisha akailaumu mashine kama mafundi wote wanavyofanya wakikosa la kusema. Alisema huenda bamba la kunasia picha lilikuja na kivuli chake kutoka kiwandani. Akapiga picha ya pili, ikatoka safi, akafurahi na kuanza kupiga mluzi. Daktari hakufurahi. Alikuwa ameona kwamba kidole cha mwisho, kile kidogo, kilipinda kwa ndani kama ndoana, na yeye mwenyewe ndiye aliyekifunga bendeji siku mwenye nacho alipong'atwa na mbwa akakataa katakata kwenda hospitali. Angeweza kusema palepale. Badala yake alimuuliza fundi kama angependa chai.

Mwenye kidole kile alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa damu. Pale kliniki walimwita Koleo, kwa sababu mnyama aliyeshikwa naye alikuwa ameshikwa kweli. Hakuwa na kisomo cha unesi wala cha udaktari. Kazi yake ilikuwa kushika. Paka mwenye kichaa cha hasira, beberu, mbwa wa ulinzi, wote aliwawekea mikono na kuwazungumzisha taratibu mpaka wakatulia. Mashine ya zamani ilikuwa kidude cha chuma chenye magurudumu, tena goigoi, mnyama akipumua tu picha inaharibika, kwa hiyo bila Koleo hapakuwa na picha. Glavu za risasi zilikuwapo jozi moja, nzito na ngumu, huwezi kumhisi paka ukiwa umezivaa. Koleo alizivua wiki ya kwanza. Daktari alimwona na akanyamaza.

Lakini glavu si kitu. Lililomkalia Daktari kifuani lilikuwa kibeji.

Kila anayefanya kazi karibu na mionzi anatakiwa avae kibeji kifuani, kitu kidogo kama kiberiti chenye vibati ndani, ambacho hukusanya habari za mionzi yote iliyompata. Kila miezi mitatu hupelekwa ofisi ya ukaguzi kikasomwe. Kibeji cha Koleo kiliposomwa mara ya kwanza ilikuja barua: kiwango ni kikubwa mno, kikirudi hivyo tena, chumba kitafungwa. Kliniki ilikuwa na miaka miwili tu. Daktari aliiweka barua ile chini ya vitabu, na siku iliyofuata, Koleo alipokuwa anamwinua mbwa mezani, akamwambia kwa utani, "Shemeji, nipe hicho kibeji nikuwekee, huyu mgonjwa atakikojolea." Koleo akacheka, akampa. Kikaingia kwenye droo. Baada ya muda hapakuwa na haja hata ya kuomba. Koleo mwenyewe alikuwa anakivua kabla ya kushika na kumkabidhi, kama mtu anayevua saa na kumpa mkewe kabla ya kunawa. Akishamaliza anakivaa tena na kukipangusa kwa kiganja. Alikuwa anakipenda sana. Miaka tisa ilipita hivyo, na kila miezi mitatu taarifa ikaja kwamba kibeji hakijaona kitu, na Daktari akawasomea wote mezani wakati wa chakula cha mchana. "Mnaona? Mionzi yenyewe inamwogopa Koleo." Wakacheka.

Kucha zake zikaanza kuwa nyeusi. Ngozi ya vidole ikapasuka ikawa haifungi. Kisha damu ikaharibika. Hospitalini daktari wa watu aliuliza swali moja tu la maana, kama mgonjwa anafanya kazi na mionzi, na Daktari wetu, kwa mikono yake miwili, akampelekea faili la taarifa za miaka tisa. Yule akapekua, akafunga faili, na hakuuliza tena. Koleo alikufa msimu wa mvua. Daktari alilia kweli msibani, hilo tusimnyang'anye.

Kifo kisicho na sababu hutafutiwa mwenyewe. Mama yake Koleo, ambaye hakuipenda kazi ile tangu mwanzo, aliwahi kumfokea mwanawe mbele za watu, "Mikono hiyo itakuua!" Mama mzazi alikuwa anaona vidonda akaogopa, basi. Lakini mjane, mdogo wake Daktari, alipokaa na kukumbuka, maneno yale yakageuka. Akamwita mama mkwe wake mchawi kwanza kwa kunong'ona, halafu kwa sauti, na akawakataza watoto wasikanyage kwa bibi yao, nyumba ya nne kutoka kliniki. Mtaa ukadakia. Mwanamke aliyezika mtoto wake wa pekee akawa anapita na ndoo yake huku akina mama wanavuta watoto wao ndani. Haya yote Daktari aliyatazama kupitia dirisha la kliniki, akijua.

Mdogo mtu alipohitaji kazi, Daktari alimweka mapokezi. Kisha akaagiza mashine mpya, kubwa, ya haraka, ambayo mnyama analazwa kwa dawa ya usingizi na kubanwa kwa vifuko vya mchanga, mkono wa mtu hauhitajiki. Hiyo ndiyo ilikuwa toba yake. Ilikuwa toba nzuri, ila haikuwa na maneno.

Asubuhi ya pili walimleta mbuzi jike aliyevunjika mguu. Alichomwa sindano, akalala, akawekewa vifuko vitatu vya mchanga. Daktari na fundi wakatoka, wakafunga mlango, na walipokuwa wamesimama nyuma ya kioo fundi akakunja pua.

"Unasikia harufu ya siki?"

Daktari aliisikia. Ilikuwa harufu ya dawa ya kusafishia picha, ile ya zamani, ya enzi za chumba cha giza, ambayo Koleo alikuwa akitembea nayo vidoleni hadi nyumbani. Mashine mpya haina dawa. Mabeseni ya dawa ile yalitupwa mwezi uliopita.

"Piga tu," alisema.

Picha ikatoka. Mguu wa mbuzi ulikuwa katikati, mfupa umekatika vizuri kama unavyofundishwa darasani, na ulikuwa umeshikwa. Mikono miwili, mifupa mitupu, kuanzia kwenye kifundo cha mkono hadi ncha, vidole gumba vimetanuliwa kama anavyofanya mtu anayejua kushika, na kile kidole kidogo kimepinda.

Fundi hakupiga mluzi. Aliusogelea ukuta kwa mgongo. "Daktari," akanong'ona, "kile chumba kina mtu?"

"Unakiona. Hakina."

"Basi mbuzi kashikwa na nani?"

Mdogo mtu aliingia wakati uleule na kadi ya mgonjwa mkononi. Aliitazama kompyuta kwa kitambo, na kadi ikamponyoka.

"Dada. Kile kidole."

"Ni kasoro ya bamba, fundi atalibadilisha."

"Ni kidole cha baba watoto." Alikuwa anaongea polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala. "Nimekishika miaka kumi na mmoja. Hajapumzika, dada. Yule mama amemtuma. Kamuua, na sasa anamtumikisha."

"Usiseme hivyo."

"Niseme nini sasa? Wewe ulisema hospitali haikuona kitu. Kama si yeye, ni nani?"

Lilikuwa swali lililonyooka, lilisubiri jibu moja tu, na anayelijua alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwa muulizaji. Daktari aliinama akaokota kadi.

Fundi alitia saini karatasi zake bila kuzisoma, akaacha bisibisi mbili na sanduku la skrubu, na hakuvirudia. Mdogo mtu akatoka kwenda kumtafuta mganga. Daktari akabaki peke yake na mbuzi, jua la saa nne likiwaka dirishani, watu wakinunua na kuuza nje, na kwa kuwa mguu ulihitaji kupigwa picha kwa ubavu kabla dawa haijamwisha mnyama, na kwa kuwa alijiambia kwamba mwanamke aliyesoma hawezi kukimbia chumba chake mwenyewe mchana kweupe, alimgeuza mbuzi, akapanga vifuko, akafunga mlango, na alipoweka kidole kwenye kitufe akasikia kule ndani, nyuma ya ukuta wa risasi ambao haupitishi kitu, sauti ya mtu anayembembeleza mnyama, "tss, tss, tss, tulia mama," ikipanda na kushuka bila haraka, na harufu ya siki ikaja kwa nguvu mpaka macho yakamtoka machozi, na kidole chake kikabonyeza chenyewe kabla hajaamua.

Mikono haikuwa imemshika mbuzi. Ilikuwa imeinuliwa, viganja juu, imeelekezwa kwake, na juu ya viganja palikuwa na kitu cha pembe nne, kidogo kama kiberiti, chenye vibati vitatu vinavyong'aa ndani yake. Alikuwa anamkabidhi, kama zamani.

Hapo ndipo angeweza kumwita mdogo wake, akamwonyesha, akasema. Alihesabu vibati, kimoja, viwili, vitatu, kisha akaifuta picha. Kompyuta ikauliza kama ana hakika. Akakubali.

Mganga alikuja siku ya tatu, adhuhuri. Hakuwa mzee wala hakuwa na mbwembwe. Alikuwa mama mnene mwenye kifua kinachobana, aliyevua viatu mlangoni na kuomba kiti kwa sababu ya magoti. Aliwasha ubani kwenye kigae, akauzungusha chumbani chini ya mkono mrefu wa mashine, akakaa. Mdogo mtu alisimama nyuma yake. Daktari alisimama mlangoni, mikono mfukoni mwa koti jeupe, ufunguo wa droo ndani ya ngumi.

"Nani ana kitu chake?" mganga akauliza.

"Mama yake, ana mashati," alisema mjane haraka.

"Sisemi mashati. Kuna kitu alikuwa anamwachia mtu. Anakidai."

Mganga akageuza shingo taratibu, akamtazama Daktari, wala si kwa ukali.

"Mwanangu, wewe una neno?"

"Sina," alisema Daktari.

Basi mganga akaanza kazi aliyoitiwa. Alisoma kwa sauti ndogo, akinyunyiza maji, na alivyoendelea kusoma mashine ambayo haikuwa na umeme ikaanza kunguruma kutoka ndani ya tumbo lake, kwanza kama paka, halafu kama gari linalopanda mlima, na mkono wake mrefu ukasogea juu ya reli bila kuguswa, ukapita meza, ukampita mganga, ukampita mjane aliyekuwa ameziba mdomo kwa kanga, ukaja mpaka mwisho wa reli na kusimama ukimwelekea Daktari kifuani, taa yake ndogo ikichora mraba wa mwanga kwenye koti jeupe, upande wa kushoto, pale ambapo watu huvaa kibeji, na moshi wote wa ubani ukanuka siki, na mganga akapandisha sauti, akapandisha tena, akamwamuru marehemu atoke kwa majina asiyoweza kuyapinga, mpaka kitu kikapita mlangoni kati yao, baridi na bila kishindo, kikamgusa Daktari mkono kwa upole kama mtu anayeomba njia.

Taa ikazimika.

"Ametoka," alisema mganga, akipumua kwa shida. "Harudi. Lakini sijawahi kumtoa mwenye subira kama huyu. Ameondoka kama mtu aliyechoka kungoja." Akavaa viatu vyake. Mjane akamuuliza kama ni kweli alitumwa na mtu. "Alikuja kwa kosa la mtu," mganga akajibu, "na mtu huyo yuko karibu."

Hayo yakatosha. Kufikia jioni mtaa mzima ulijua kwamba mganga amethibitisha. Wazee wa mtaa walikwenda nyumba ya nne wakamwambia mama yake Koleo, kwa adabu zote, kwamba kwa usalama wake ingefaa ahame kabla ya Ijumaa.

Picha zikawa safi. Mbwa wawili, paka, kondoo mmoja, mifupa yao tu. Daktari aliangalia kila picha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Alhamisi asubuhi mama yake Koleo aliingia kliniki akiwa amekumbatia paka wa kijivu. Mjane alipomwona aliinuka, akaenda kusimama nje uani mpaka amalize. Mama hakumtazama. Alipita hadi chumba kipya, akamweka paka mezani.

"Anachechemea. Nataka nijue kama ataweza safari," alisema. "Naondoka kesho."

"Nitamchoma sindano alale, mama."

"Ya nini kumchosha na dawa? Nitamshika mimi." Akamwekea paka viganja viwili, vidole gumba vimetanuka, na paka akatulia tuli. "Kushika kuko kwenye damu yetu. Wewe nenda huko nyuma ukapige."

Daktari alikwenda nyuma ya ukuta. Alimtazama kupitia kioo: mwanamke mwembamba, peke yake na mashine, mikono wazi chini ya taa. Mama akainua uso akatabasamu kidogo.

"Nilitaka nikuage kwa heri nzuri," alisema. "Mtaa mzima umeniita mchawi. Wewe peke yako hujaniita. Nimeliona hilo, na Mungu ameliona."

Daktari aliondoa kidole kwenye kitufe. Alitoka, akafungua droo, akarudi na kibeji kwenye kiganja, na akasema yote, akiwa amesimama, kuanzia barua ya kwanza hadi faili la hospitali hadi picha aliyoifuta. Hakuruka kitu. Alipofika mwisho mama alikaa kwenye kiti cha mganga, akakichukua kibeji, akakigeuza, akakifuta kwa kidole gumba.

"Nilikuwa nampangusia kila asubuhi akipita kwangu," alisema. "Nilidhani kinamlinda." Kisha akasema, "Mimi umeniambia. Anayenihamisha hapa si mimi. Mwite mkwe wangu."

Daktari alimwita mdogo wake kutoka uani na kuyarudia yote, na safari hii alipiga magoti. Mjane alisikiliza akimtazama dada yake, kisha mama mkwe wake aliyekaa, kisha kibeji kilicho mikononi mwa mama mkwe. Uso wake haukuwa na hasira hata kidogo. Ulikuwa unajaa huruma, na hapo Daktari akaanza kuogopa.

"Dada, umekaa na mama huyu humu ndani muda gani?"

"Nisikilize. Ni mimi. Ni mimi niliyemuua."

"Taarifa zote zinasema sifuri. Miaka tisa. Ulitusomea wewe mwenyewe. Hospitali ilizisoma."

"Zilikuwa za uongo, nilikuwa nakificha kwenye droo!"

"Haya, haya, dada yangu. Nimekusikia." Alimshika mabega akamwinua, kwa upole uleule anaotumia kwa watoto wenye homa. "Wewe hujawahi kunidanganya maisha yako yote. Hayo si maneno yako."

"Alinionyesha kwenye picha!"

"Iko wapi?"

Daktari akaikimbilia mashine. Alipiga picha ya meza tupu. Akapiga nyingine. "Shemeji, rudi," alisema, akibonyeza, "rudi mara moja tu, amwone," na kila mara kompyuta ilileta meza, na juu ya meza hamna kitu. Mama yake Koleo alisimama, akamchukua paka wake, akakirudisha kibeji mezani kwa uangalifu. Alimtazama mkwewe kana kwamba atasema neno, akaona halitasikika, akatoka polepole kuelekea nyumba ya nne, kwenda kumalizia kufunga mizigo.

Mjane alitoka nyuma yake, akauvuta mlango wa chumba cha eksirei na kuukomea kwa nje, taratibu, asimshtue aliyemo. Daktari alimsikia kupitia mbao akimpigia simu mganga, sauti ya chini, imejaa machozi.

"Mama, samahani, njoo tena leo hii. Safari hii limemkalia dada."